Mbwa wa Mume Wangu Kwenye Milima ya Wanzuki

Nilipoamua kumwacha mume wangu niliondoka asubuhi kweupe, mama mkwe akinitazama, maana sikuwa mwizi. Nilivua shanga alizoninunulia, nikazitundika mlangoni. Jembe nikaliegemeza ukutani, chungu nikakifunika vizuri. Nilijifunga kaniki kuukuu niliyotoka nayo kwetu na kushika kibuyu cha maji nilichopewa na mama yangu mzazi. Nilijikagua kuanzia kichwani mpaka kwenye nyayo. Sikuwa na kitu cha mtu, hata uzi.

Haikuwa maringo. Katika ukoo wetu, binti aliyeolewa akirudi kwao kwa hasira, baba hamkaribishi ndani. Humsimamisha uani na kumwuliza jambo moja: "Umekuja na nini?" Akiwa mikono mitupu, baba huleta kigoda, binti huketi, kesi husikilizwa, na mume huitwa ajibu. Lakini akiwa na kitu cha mume, hata mwiko, hakuna kesi. Huyo amekuja kutembea tu. Atakula, atalala, atafungiwa unga wa njiani, kisha atarudi alikotoka. Wazee walisema mke aliyebeba kitu moyo wake uko kule alikokitoa, hata kama mdomo unakataa. Mimi moyo wangu nilikuwa nimeubeba wote, na nilitaka baba aone mikono yangu.

Kilichoniondoa ni hiki. Tulipata mtoto wa kwanza, wa kiume, akafariki kabla kitovu hakijadondoka. Mtoto wa namna hiyo hakaliwi matanga. Wanawake humzika nyuma ya nyumba, penye migomba, kimya kimya. Jina hajapewa, wanaume hawaitwi, na kesho yake watu wanashika majembe kama vile hakuna aliyekuja wala aliyeondoka. Hiyo ndiyo mila, kwetu na kwao pia. Mila naijua. Lakini mimi maziwa yalikuwa bado yananitoka! Yalilowesha nguo, na kila nikijifunga kitambaa yalikuja tena. Nikamwambia mume wangu, "Sema basi neno moja." Yeye akatazama mlangoni, akasema, "Mizinga inanisubiri," akachukua shoka lake na kamba, akaingia porini kwa nyuki wake. Alikaa huko mpaka mwezi ukaandama. Aliporudi, ndoo za asali zilijaa, mdomo umefungwa. Akaondoka tena. Basi, nikasema, maji yamezidi unga. Mwanamume huyu na aolewe na mizinga.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo baada ya vita vya pili vya dunia, enzi za Mwingereza, na milima ile nyuma ya Chato ilikuwa nchi ya nyuki. Watu wa pale ni Wasumbwa na Wazinza, na mimi Msukuma nilikwenda kuolewa huko kwa sababu baba yangu alihama Shinyanga kufuata kazi ya mgodi wa dhahabu Geita, na mume wangu alikuwa akileta nta na asali kuuza kule mgodini. Aliponiona alinyamaza. Nilidhani ni heshima. Kumbe ndivyo alivyo!

Nilikuwa nimekwishavuka kilima cha kwanza ndipo nikasikia kengele. Ndogo, ya chuma, aliyoifua mume wangu mwenyewe na kuifunga shingoni mwa mbwa wake ili asimpoteze porini. Ling'i, ling'i, ling'i. Nikageuka. Yule pale, rangi ya udongo, sikio moja limechanika, ulimi nje, mkia unazunguka. Safari ile mume wangu alikuwa amemwacha nyumbani kwa sababu alichomwa mwiba, na tangu mtoto afariki alikuwa analala mlangoni kwangu bila kutumwa na mtu.

"Rudi!" nikasema.

Akaketi. Nikatembea, naye akatembea. Nikasimama, akaketi tena, ananitazama kwa adabu zake zote. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka moto. Mimi nimeacha shanga, nimeacha jembe, nimeacha hata sindano, halafu mali ya mume inanifuata kwa miguu minne!

Nilimtupia mawe, wala sikumlenga, na nadhani alilijua hilo. Nilimtukana kwa Kisukuma, nikamtukana kwa Kisumbwa labda anakielewa zaidi, nikamtukana kwa Kiswahili cha mgodini, ambacho kina matusi yaliyokomaa. Akapiga chafya. Nilikimbia mteremko mzima nikidhani mguu wake bado mbovu. Nilipofika chini kwenye kijito alikuwa amekwishafika, anakunywa maji, kengele inagonga mawe.

Anayeijua njia ile ya milimani anajua kwamba haikupi pumzi. Unapanda kati ya mawe makubwa mpaka magoti yanalalamika, na unapodhani umefika juu, unaona mgongo mwingine wa kilima, na mwingine nyuma yake. Miyombo imejaa kila upande, na juu matawini mizinga ya magogo imelala. Kila mzinga una mwenyewe na alama yake. Nilizitambua alama za mume wangu hata pale nilipokataa kuzitazama. Mbwa yeye hakukataa. Kwenye kila mti wenye mzinga wa bwana wake alisimama, akanusa shinani, akaniangalia kana kwamba ananiuliza, hapa je? Nikamjibu, "Simtafuti! Ninamkimbia! Unasikia wewe?" Mtu angepita angesema nimerukwa na akili.

Sikuweza kukaa chini. Nilijaribu mara moja kupumzika juu ya mwamba mmoja ambako watu walikuwa wameanika makopa, muhogo mweupe umetandazwa juu ya jiwe zima, na ziwa linaonekana kwa mbali. Ni mahali pazuri. Lakini kila nilipotulia kifua kilijaa, maziwa na machozi kwa pamoja, nikainuka haraka nikaendelea. Ukitembea unakuwa na mambo ya kufanya. Unatazama pa kukanyaga, unamgombeza mbwa.

Mchana nikaingia kwenye kijiji cha wanzuki. Kwenye milima ile wanawake waliisifia pombe yao hiyo ya asali kuliko walivyowasifia waume zao, na haki walikuwa nayo. Harufu ilikupokea kabla hujaona paa, tamu na chachu. Chini ya kibanda cha nyasi mama mmoja mnene alikuwa anachuja, mikono inang'aa asali mpaka kwenye viwiko. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kata ya togwa kwanza kwa sababu, alisema, uso wangu haukuwa uso wa kupewa pombe.

Nikamweleza yote. Sikuwahi kumweleza mtu, na sijui kwa nini nilimweleza yeye. Labda kwa kuwa hakuacha kuchuja. Mwisho nikamwomba, "Mama, nisaidie. Mfunge mbwa huyu hapa kwako. Mwenyewe atapita kuuza asali, atamchukua."

Alicheka mpaka kifua kikatikisika. "Wee binti! Mbwa wa mume wa mtu nimpokee kutoka mkononi mwa mke wa mtu? Kesho aje aseme nimekuficha wewe, au nimemwiba yeye? Ng'o!" Kisha akanikazia macho. "Hebu niambie. Unamkimbia mume au unamkimbia mtoto?"

Nilitamani kummwagia togwa yake usoni. Niliiweka kata chini kwa sababu alikuwa na umri wa mama yangu.

Wakati huo mbwa alikuwa kimya kupita kiasi. Tukatazama. Alikuwa amekiona kichungu cha machicha, yale makapi yaliyobaki baada ya kuchuja, naye alikuwa anayaramba kwa bidii kama mtu aliyelipia. Mama yule akapiga ukelele, mbwa akainua kichwa, na miguu yake ya nyuma ikaketi yenyewe bila kushauriana na ya mbele. Alijaribu kubweka, ikatoka kwikwi.

Nikaiona nafasi yangu. "Mama, kwa heri," nikasema, nikashika kibuyu, nikaondoka mbio. Nyuma yangu nilisikia mama anacheka na watoto wanashangilia. Mbwa alikuwa amelala ubavu, amelewa chakari. Nilipanda kilima kile kwa kasi ambayo sikuwahi kupanda nayo tena maishani mwangu. Kengele haikusikika. Nilikuwa mtu huru, mikono mitupu.

Na nilichukia. Ndiyo, naliita kwa jina lake. Ukimya ule ulikuwa mbaya. Nilisikia pumzi zangu na visigino vyangu, na hakukuwa na wa kumtukana. Nikawa natembea nikisikiliza nyuma, hasira zinanipanda kwa kujikuta nasikiliza. Jua lilipoanza kuelekea magharibi ndipo ikaja, kwa mbali, isiyo na mpangilio: ling'i... ling'i-ling'i... kimya... ling'i. Alikuwa anapanda njia kwa upande, akigonga mti huu, akiomba radhi kwa mti ule. Alipofika miguuni pangu alitapika, kisha akalala juu ya unyayo wangu. Nikamwambia, "Mlevi mkubwa wewe." Nikamnywesha maji ya kibuyu kwenye kiganja changu. Usiku ule tulilala kwa watu wema waliotupa pembe ya zizi, na sikumfukuza.

Kesho yake tukashuka kwenye mapori ya mbung'o. Siku hizo serikali iliweka vizuizi njiani, kibanda na mlinzi mwenye kaptula ya kaki na wavu mdogo. Kila msafiri alisimama akapitishiwa wavu mgongoni na miguuni ili asivushe mbung'o kwenda kwenye ng'ombe wa watu upande wa pili. Baiskeli nazo zilikaguliwa, mpaka chini ya tandiko. Tulimkuta mlinzi anahangaika na mwendesha baiskeli mwenye mzigo wa nta, na nilipomtazama mtu yule moyo ukanishuka. Alikuwa jirani wa mume wangu, wanatundika mizinga kilima kimoja.

"Shemeji!" akasema. "Habari za kwenu?"

"Nzuri," nikasema, nikatazama pembeni.

Mlinzi alinipitishia wavu, hakukuta kitu. Kisha akamwona mbwa. "Huyu wa nani?"

Nikaanza kukaza fundo la kaniki yangu.

"Nauliza, mama, mbwa wa nani? Kule mgodini kumeingia kichaa cha mbwa. Mtoto wa watu ameumwa. Amri imetoka: mbwa mwenye mwenyewe apite naye, mwenyewe akijibu kwa ajili yake. Asiye na mwenyewe hapiti, na hatumwachi arudi akazurure." Akaegemeza wavu wake ukutani, akachukua rungu. Hakufanya hivyo kwa ukatili. Alionekana mtu aliyechoshwa na kazi ile. "Basi?"

Mbwa alikuwa ameketi katikati yetu, ananitazama mimi, mkia unapiga vumbi.

Nilijua vizuri kilichokuwa mbele yangu. Nikisema si wangu, ningefika kwa baba mikono mitupu, kigoda kingeletwa, na mume wangu angeitwa asimame mbele ya wazee, aulizwe kwa nini alimwacha mke wake na maziwa yanamtoka. Jibu lile nililitaka kuliko chakula. Nikisema ni wangu, nimekiri mbele ya shahidi kwamba nimetoka na mali ya mume, na shahidi mwenyewe ana baiskeli na mdomo mrefu. Neno moja tu. Nilitazama lile rungu. Nilikuwa nimekwishaona kiumbe kimoja kikifukiwa bila mtu kusema neno.

"Wangu," nikasema. "Huyu mbwa ni wangu. Weka hilo rungu lako chini!" Nilipiga kelele mpaka mlinzi akarudi nyuma hatua.

"Haya mama, haya, mbona ugomvi?" Akampitishia mbwa wavu mgongoni, taratibu kabisa.

Yule wa baiskeli akatabasamu. "Kumbe shemeji unakwenda kutembea tu! Kule nyuma walikuwa wanasema umesusa. Nikishauza nta nitarudi nimwambie mwenzangu asiwe na wasiwasi." Akapanda baiskeli yake akatangulia kuelekea mgodini. Niliokota jiwe. Lile nililenga, ila lilimkosa.

Nilibaki njiani sijui niende wapi. Kurudi? Ng'o. Kwenda mbele? Kwa kesi ipi? Nilienda mbele kwa sababu miguu ilikuwa imeelekea huko. Mbwa alitangulia, njiwa pori wakiruka mbele yake, akifurahia maisha. Hajui alichonigharimu, nikasema. Nikasema tena kwa sauti ili ajue.

Tulipofika vilima vya Geita tulisikia mgodi kabla ya kuuona, mashine ya kuponda mawe inaguguna bila kupumzika, usiku na mchana, kiasi kwamba wenyeji hawaisikii tena. Nyumba ya baba ilikuwa nyuma ya kilima cha mwisho. Alikuwa ameacha kazi ya shimoni, kifua kilimsumbua, akalima pamba. Alinikuta nimesimama uani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Alinitazama kaniki, akanitazama miguu ilivyopasuka, akaelewa. Akajinyoosha kama hakimu. "Umekuja na nini?"

"Na miguu yangu, baba."

"Na huyo?"

Mbwa alikuwa tayari ananusa kuku. "Amenifuata," nikasema. "Sikumwita. Nimemfukuza kwa mawe. Nimemwacha amelewa. Amenifuata, baba!"

"Nimeuliza ni wa nani."

Kumdanganya baba sikuweza. "Wa mume wangu."

Baba akashusha pumzi. Nilimwona alivyotaka jibu jingine, na hilo liliniuma zaidi. "Basi karibu, mwanangu. Umekuja kutembea. Pumzika, ule, kisha mama yako akufungie unga."

"Baba, mtoto wangu amekufa!"

"Nimesikia. Pole. Mimi na mama yako tulizika wawili kabla yako, na hakuna aliyetuletea kigoda." Akaingia ndani. Mama akanikumbatia jikoni, akanipa kazi ya kuchambua choroko. Kwetu hiyo ndiyo pole.

Sikurudi upesi. Nilisema miguu inauma. Ikapona, nikasema nangoja palizi ya pamba. Usiniulize nilingoja nini. Sikutulia hata nusu saa. Nilifagia uani mpaka mama akaninyang'anya ufagio, akaniambia nitafika kwenye mwamba. Kila asubuhi nilipanda kilima cha nyuma na mbwa, juu kabisa, ambako njia ya magharibi inaonekana ikiingia mapori. Mama aliuliza nafuata nini. Nikasema mbwa anahitaji kutembea. "Kumbe," akasema mama. Maziwa yalikuwa yameanza kukauka, na hilo nalo lilinipa hasira, kwamba hata mwili wangu umeanza kusahau kama wao.

Nilimwona nikiwa juu huko. Mtu mmoja, mwembamba, anatembea upesi. Mbwa alimjua kabla yangu, akaruka mawe akishuka, kengele inalia. Mimi nilishuka kwa njia nyingine, taratibu, nikajipangusa uso, nikaketi jikoni kana kwamba sijaona kitu. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu yote. Mume anayemfuata mke naye ana desturi yake. Huja na kitu, mbuzi au asali, na baba mkwe humwuliza, "Umefuata nini?" Akisema "Mke wangu," amekubali kujibu. Hapo kesi inafunguka upya hata kama mke alibeba nyumba nzima. Nikasema moyoni, njoo bwana, njoo useme. Leo utasema.

Nikachungulia kwenye upenyo wa ukuta. Hakuwa na mbuzi. Hakuwa na asali. Mkononi alishika kipande cha kamba.

"Shikamoo baba," akasema, akachutama mbali kidogo, kama inavyompasa mkwe.

"Marahaba. Umefuata nini, mkwe wangu?"

"Nimemfuata mbwa wangu."

Baba aliitazama ile kamba. "Mbwa tu?"

"Mbwa tu, baba."

"Unajua unachokisema? Ukimchukua huyo, binti yangu hana kitu chako. Yuko huru kukaa hapa, na ng'ombe wako tutawarudisha."

"Najua."

Nilikuwa nimepata nilichovukia milima yote ile. Kwa neno moja la mtu asiyependa kusema, nilikuwa nimeachiliwa. Na nilijisikia kama mtu aliyepigwa teke la kifua. Nilitoka jikoni na mwiko mkononi, adabu nikaitupa huko.

"Mbwa!" nikapiga kelele mbele ya baba yangu. "Umetembea mapori yote hayo kumfuata mbwa! Mwanao tulimfukia kwenye migomba kama ganda la muhogo, ukakimbilia nyuki. Leo umekuja na kamba kumfuata mbwa! Mchukue! Mchukue umwoe!"

Baba akasema, "Mwanangu," kwa sauti ya kunionya. Mtoto wa namna ile hatajwi mbele ya wanaume.

Mume wangu hakuinuka. Alikuwa amekonda, sasa nikamwona, na mikono yake ilikuwa imevimba kwa kuumwa na nyuki, jambo ambalo halikuwa limempata hata siku moja, kwa maana nyuki walimjua. Alizungumza akitazama kamba. "Mwenzangu wa baiskeli alinipitia. Akacheka, akasema uko safari ya kutembea tu kwa sababu umetoka na mbwa, kwa hiyo baba hatakusikiliza, utarudi tu. Nikaona hapana. Mtu asirudishwe na mbwa. Kama umenichoka, uwe umenichoka. Nimekuja kukuondolea."

"Na kwa nini hukusema kitu?" Sauti yangu ilikuwa imepasuka. "Neno moja nilikuomba!"

"Nyumbani yupo mama yangu, wapo wazee. Ningesema nini, na hairuhusiwi?" Akaikunja kamba. "Porini hakuna mtu. Kule nilimpa jina. Kila mti niliopanda nilimwita."

"Mkwe wangu," baba akasema, "hayo yaache."

Lakini mume wangu aliinua uso wake, kwa mara ya kwanza, akanitazama mimi na si mlango, akalitaja. Mbele ya baba yangu, kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwita mtoto aje kula. Kisha uso ukamvunjika, akalia pale pale uani, mwanamume mzima, kamba mapajani. Jina hilo silitaji hapa. Ni letu wawili.

"Litaje tena," nikamwambia.

Akalitaja tena.

Baba alikuwa amegeuka anatazama pamba yake. Alikaa hivyo muda mrefu, mabega yakipanda na kushuka kwa kile kifua chake kibovu, kisha akauliza bila kugeuka, "Sasa, binti yangu, uko huru. Nikuletee kigoda?"

Nikaenda jikoni kumwomba mama unga wa njiani.